Nyeusi inayong'aa hailii

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mchoraji, nakaa Tandika. Nimechora picha za mtindo wa Tingatinga miaka mitano na ndiyo inayonilisha. Baba yangu alifariki mwaka jana ndani ya Ramadhani, na tangu hapo nataka kuchora kilichomo moyoni mwangu, ila sitaki kuchora mtu analia wala kaburi. Nataka rangi yenyewe iseme. Nilichukua hadibodi kubwa nikaigawa, nusu nyeusi nusu nyekundu, katikati nikapitisha mstari mweupe. Niliichora huku nalia. Kaka yangu alipoiona akasema imekaa kama tangazo. Mteja mmoja akaipenda, akasema itapendeza sebuleni kwake. Niliumia sana. Nimekosea wapi? Naomba unitajie rangi ya huzuni, ya hasira, ya hofu na ya wivu, nisikosee tena."

Marahaba binti yangu, na pole kwa msiba. Mwaka mmoja kwa mtu aliyempoteza baba ni kama juzi tu, kwa hiyo nitakujibu taratibu.

Nianze na ombi lako la mwisho, maana ndilo litakalokupoteza njia. Orodha unayoitaka ipo, imeandikwa mara nyingi: nyeusi huzuni, nyekundu hasira, njano wivu, kijivu upweke. Watengeneza matangazo wanaisoma orodha hiyohiyo. Ukiifuata utapata tena picha ambayo kaka yako ataiita tangazo, na atakuwa na haki.

Ziangalie rangi zako tatu: nyeupe, nyeusi, nyekundu. Hizo ndizo rangi za kanga ya kisutu, na kisutu kwa watu wa pwani ni kanga ya bibi harusi. Macho ya mtu wa Dar es Salaam yamezizoea rangi hizo zikiwa pamoja kwenye vigelegele. Ukimwondolea nyeusi, ukamwachia nyekundu na nyeupe, ataiona Simba. Umpe kijani na njano, ataiona Yanga. Wewe umetia kilio chako humo, lakini rangi zilimfikia mteja wako zikiwa zimeshavaa nguo nyingine, tena za sherehe. Nyeupe yenyewe, kwako ambaye umemzika baba ndani ya Ramadhani, nina hakika ni sanda. Jirani yako Mkristo Jumamosi hii anaweza kumwona bintiye akiingia kanisani na nyeupe hiyohiyo. Basi uchungu haumo ndani ya kopo. Ungekuwemo, wote tungeuona.

Sasa sikiliza lugha yetu inavyozitendea rangi, kwa sababu humo kuna msaada mkubwa kuliko orodha yoyote. Maneno ya rangi yaliyo vivumishi vya asili, yanayopokea viambishi vya ngeli, ni matatu tu: -eupe, -eusi, -ekundu. Mengine karibu yote tumeyachukua kwenye vitu. Kijani ni cha jani, kijivu ni cha jivu, kahawia ni ya kahawa, zambarau ni tunda, manjano ni kiungo cha jikoni. Tuna rangi ya maziwa, ya kutu, ya ugoro. Tuna damu ya mzee, jina ambalo kila nikilitamka naona koti la wodini na doa lililokauka. Kwa Mswahili rangi ni rangi ya kitu. Kwa hiyo swali la kwanza, kabla hujashika brashi, ni hili: siku ile uliyopata habari, au siku ya maziko, macho yako yalikuwa kwenye kitu gani?

Nitakueleza la kwangu ili uelewe ninachokuuliza. Tulipomzika kaka yangu, turubai lililofungwa nje ya nyumba lilikuwa la plastiki, la bluu, lile jepesi. Jua la saa saba lilipita ndani yake na kila kilichokaa chini kikageuka bluu. Kanzu ya shehe ilikuwa bluu. Wali kwenye sinia ulikuwa bluu. Nilitazama mikono yangu nikaona kucha zimekuwa bluu kama za kaka yangu nilizoziona asubuhi wakati wa kumwosha, nikaificha mikono chini ya kanzu. Hatua nne mbele, turubai lilipoishia, mtaa ulikuwa na rangi zake zote. Muuza madafu alipita na baiskeli, na madafu yake yalikuwa ya kijani kabisa, kijani cha kuumiza macho. Chini, kwenye mchanga, palikuwa na ukingo: upande huu bluu, upande ule jua. Kila aliyeinuka kwenda nyumbani kwake aliuvuka ukingo ule na kurudishiwa rangi yake ya kawaida. Sisi wafiwa tulibaki ndani.

Huzuni yangu ina rangi hiyo, bluu ya plastiki ambayo dukani ungeiona ya furaha. Nimeipata chini ya turubai, sikuitoa kwenye vitabu. Utasikia wakisema bluu ni huzuni, na watakutajia Picasso, ambaye kati ya 1901 na 1904 alichora karibu kila kitu kwa bluu baada ya rafiki yake Casagemas kujiua. Ni kweli, na picha zile zina nguvu. Lakini bluu yake ni yake na msiba ni wake. Ukiazima bluu ya mtu mwingine, utakuwa umeazima na machozi.

Kupata kitu na rangi yake ni nusu ya kazi. Nusu ya pili wengi huikosa, na nadhani ndipo ulipoanguka wewe. Tunaposema kwa Kiswahili kwamba mtu ana hisia nzito, mara nyingi tunatumia kitenzi chenye mwendo. Hasira inapanda. Hofu inaingia. Huzuni inatanda. Wivu unamla mtu. Kinyongo kinawekwa rohoni, na kikishawekwa kinakaa. Majuto nayo, wazee walisema, ni mjukuu, huja kinyume. Kila kitenzi hapo kinakupa mahali pa kuanzia, upande wa kuelekea na kasi. Kinachopanda kinatoka chini. Kinachoingia kinatokea pembeni, kinavuka ukingo wa picha. Kinachotanda hakina mwanzo wala mwisho, kinafunika. Ukiondoa sura ya mtu, kaburi na machozi, kinachobaki ni hicho kitenzi, na kazi ya mchoraji wa picha dhahania, zile zisizoonyesha mtu wala kitu, ni kuifanya rangi itende.

Irudie picha yako sasa. Nusu nyeusi, nusu nyekundu, mstari umenyooka katikati. Ndani yake kuna kitenzi gani? Hakuna kinachopanda, hakuna kinachoingia, hakuna kinachotanda. Nusu kwa nusu ni mizani, na mizani iliyotulia inampumzisha mtu. Mteja alipumzika. Ndiyo maana akaiona sebuleni.

Kuna la pili, na hili limetokana na uhodari wako. Umeshika mkono wa Tingatinga miaka mitano. Tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapa Dar mwaka 1968, fundi wa mtindo ule hutumia rangi ya mafuta ya kopo juu ya hadibodi: rangi imelala sawasawa, inang'aa, kingo zimekatwa safi kama kwa wembe. Huo ni ustadi wa kweli na nimekaa pale Morogoro Stores, Oysterbay, nikiwatazama vijana wakivuta mstari wa manyoya ya ndege bila kutetereka, nikawaonea fahari. Mng'ao ule uliwekwa pale ili picha ichangamke. Sasa wewe umechukua nyeusi ya kopo moja kwa moja, ukaipaka ikang'aa kama bodi ya gari jipya. Simama mbele yake mchana uone: utajiona mwenyewe, utaona dirisha, utaona taa. Mwanga unagonga unarudi. Nyeusi ya namna hiyo haiwezi kubeba msiba, kwa sababu mtazamaji haingii ndani yake, anasukumwa nje.

Mmarekani mmoja, Ad Reinhardt, aliyefariki mwaka 1967, miaka yake ya mwisho alichora picha nyeusi tu. Ni miraba ya kama futi tano kwa tano. Ukiitazama kwa haraka ni ubao mweusi. Ukisimama dakika kadhaa, macho yanaanza kuona kwamba ndani yake kuna miraba tisa, nyeusi moja ina wekundu kwa mbali, nyingine ina ubluu, nyingine kijani. Ili apate hilo alipunguza mafuta kwenye rangi yake mpaka ikakauka bila mng'ao wowote, mwanga ukawa unazama. Sikuambii umwige. Nakuambia jambo ambalo fundi lazima alijue kwa mikono: nyeusi kavu na nyeusi inayong'aa ni rangi mbili tofauti kabisa, hata kama zimetoka kiwanda kimoja.

Kwa hiyo iache nyeusi ya kopo, tengeneza yako. Chukua bluu iliyokolea, ile inayoitwa ultramarini, uichanganye na kahawia ya kuungua. Ukizipatanisha zitakupa nyeusi nzito yenye uhai. Ongeza bluu kidogo, inakuwa ya baridi, kama usiku baada ya mvua. Ongeza kahawia, inakuwa ya joto, kama sufuria iliyoungua. Sasa paka nyeusi mbili za namna hiyo bega kwa bega, bila mstari wa kuzitenga. Jicho la mtazamaji litaanza kutafuta moja inaishia wapi. Kule kutafuta, kule kutokuwa na hakika, ndiko kulikokaribia zaidi kile unachokihisi saa tisa usiku unaposahau kwamba baba hayupo halafu ukakumbuka.

Na huzuni inayotanda hupakwa vipi? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo uliyoniandikia kwa ajili yake.

Picha ya turubai niliiharibu mara tatu. Mara ya kwanza nilipaka bluu tupu nikapata ukuta wa bwawa la kuogelea. Mara ya pili nikaitia bluu nyeusi, ikawa bahari. Mara ya tatu nikaanza kuchora watu, nikajua nimekimbia. Ya nne ndipo nikakumbuka kwamba chini ya turubai vitu havikuwa bluu. Wali ulikuwa mweupe, machungwa yalikuwa machungwa, kanga za kina mama zilikuwa na rangi zote za dunia. Bluu ilikuja juu yake. Basi nikapaka kwanza maisha: chungwa, njano ya embe bivu, nyekundu ya kanga, nyeupe, mabaka makubwa yasiyo na umbo. Nikayaacha yakauke kabisa. Kisha nikayafunika kwa bluu nyembamba mno, akriliki iliyolegezwa kwa maji mpaka inakaribia kuwa chai, tabaka moja, nikasubiri ikauke, tabaka jingine, nikasubiri. Zilifika tabaka nane. Njano ya embe ikawa kijani cha ugonjwa. Chungwa likawa kijivu. Nyekundu ikawa zambarau iliyochoka. Hakuna rangi iliyofutika, zote zilikuwepo chini zikiwa zimefunikwa. Upande wa kulia niliacha kipande cha upana wa vidole vitatu bila bluu, kuanzia juu mpaka chini. Ndiyo mtaa. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima asiyejua habari za sanaa dhahania, alisimama mbele yake akaniuliza, "Hapa nani kafa?" Sikuwa nimeipa jina picha ile.

Tabaka nyembamba juu ya tabaka ndiyo njia aliyotumia pia Mark Rothko, na kwa huzuni sijaona mwalimu mkubwa kuliko yeye. Alizaliwa 1903 mjini Dvinsk, Latvia ya leo, akahamia Marekani akiwa mtoto. Mwaka 1958 alipewa kazi ya kuchora picha za ukutani kwa ajili ya mkahawa wa matajiri New York. Alizichora kwa damu ya mzee, nyeusi na kahawia, rangi juu ya rangi, kingo zake zimelainika kama zinapumua. Baadaye aliingia kula kwenye mkahawa huo, akaona picha zile haziwezi kukaa juu ya sahani za watu wale, akarudisha fedha na kuzichukua picha zake. Tisa kati yake ni za jumba la sanaa la Tate, London, na zilifika huko siku ileile ya Februari 1970 aliyokutwa amekufa. Alipenda picha zake zining'inizwe chini, karibu na kimo cha mtu, na taa zififizwe. Unaona alichokuwa anakikataa? Sebule. Na wewe ulipoumia kwa neno la mteja, uliumia mahali palepale alipoumia yeye.

Nimesema kingo zake zimelainika. Ukingo ni jambo kubwa kuliko wachoraji wanavyodhani. Wewe mkono wako umezoea ukingo safi. Kwa picha hii uvunje. Rangi ikiwa bado mbichi, pitisha kitambaa kikavu kwenye mpaka kati ya nyeusi na nyekundu, taratibu, upande mmoja tu, uone inavyovuja. Inatanda. Kitenzi kimepatikana.

Kabla sijaenda kwenye hasira, jambo la majirani. Rangi haikai peke yake. Michel Eugène Chevreul, Mfaransa, alikuwa mkuu wa idara ya kutia nyuzi rangi kwenye kiwanda cha mazulia cha Gobelins, Paris. Wateja wakalalamika kwamba nyuzi nyeusi zimefifia, hasa zikiwa karibu na bluu na zambarau. Alizipima nyeusi zake akaona hazina kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa kwa jirani: rangi iliyo pembeni ilikuwa inaisukuma nyeusi, jicho linaiona vingine. Aliyaandika yote kwenye kitabu chake cha mwaka 1839, na mpaka leo wachoraji tunakula humo. Jaribu nyumbani, ni dakika kumi tu. Kata vipande viwili vya karatasi ya kijivu kutoka ukurasa mmoja. Kimoja kiweke juu ya kanga nyekundu, kingine juu ya kanga ya kijani. Tazama. Kile cha kwenye nyekundu kitaonekana kina ukijani, cha kwenye kijani kitaonekana kina wekundu, na ulikata mwenyewe kwa mkono wako kutoka karatasi moja. Kwa hiyo usiniulize tena kijivu ni rangi ya nini. Niulize kimekaa na nani.

Hasira. Hapa vijana wengi hurusha rangi. Wanachukua nyekundu, wanaimwaga, wanapiga brashi kama wanachapa mtu, na wakishamaliza wanatokwa jasho na wanajisikia vizuri. Wao wamepona, picha haikupata kitu. Jackson Pollock, mchoraji Mmarekani ambaye kila mmwagaji humtaja, alitumia rangi ya kopo kama zenu, lakini alizunguka kitambaa chake kilicholazwa sakafuni akiongoza kila uzi wa rangi. Hakuwa anatupa ovyo. Hasira ya mtu mzima, hasa ya msibani, kwa kawaida imebanwa. Inapanda halafu inakutana na kifuniko: heshima, wageni, mama anayekutazama usiseme kitu. Ichore hivyo. Anza chini kabisa, nyekundu iliyokolea, uipandishe juu kwa kisu cha rangi, nzito, yenye mikwaruzo. Kisha funika sehemu kubwa ya juu kwa kijivu chenye ukijani kidogo, kipana, kizito, kinachoshuka kuikuta. Kwa lile jambo la Chevreul, kijivu hicho kitaifanya nyekundu iwake zaidi ya ilivyo. Acha nyekundu itokeze mahali pawili patatu tu, nyembamba, kama moto unaoonekana chini ya mlango. Nyekundu kidogo iliyobanwa ina hasira kuliko nyekundu iliyojaa ubao mzima, ambayo hapa mjini itakuletea Simba.

Nikuulize kitu, na huna haja ya kunijibu: kwenye picha ya kumlilia baba, kwa nini nusu nzima uliipaka nyekundu? Ulisema ni huzuni, lakini mkono wako uliweka kitu kingine. Msiba huja na hasira zake, kwa aliyeondoka, kwa waliochelewa kufika, kwa maneno yaliyosemwa kabla hata arobaini haijaisha. Kama ipo, usiilazimishe ikae kwenye ubao mmoja na huzuni nusu kwa nusu. Ipe ubao wake.

Hofu inaingia, kwa hiyo usiiweke katikati. Zimwi katikati ya picha halimtishi mtu, macho yameshalikamata. Tengeneza eneo kubwa, tulivu, lenye rangi iliyopauka, halafu kitu kidogo cheusi kikatwe na ukingo wa picha upande mmoja, kana kwamba ndiyo kwanza kinafika. Hofu yangu mimi ni korido ya hospitali usiku: ukuta umepakwa kijani cha kung'aa mpaka usawa wa bega, juu nyeupe, na taa ya mrija inapepesa. Na hapa nitageuza nilichokuambia mwanzo. Ile rangi ya mafuta ya kopo inayong'aa, iliyokuangusha kwenye huzuni, hapa ndiyo mahali pake, kwa sababu kuta zile hupakwa rangi ya namna hiyohiyo ili zioshwe. Ukimpa mtazamaji kijani kile chenye mng'ao wake, mgongo wake utakumbuka kabla akili yake haijajua. Kila kifaa kina msiba wake. Mchoraji Ibrahim El-Salahi wa Sudan alifungwa jela Khartoum miezi sita kuanzia mwaka 1975, bila mashtaka. Alichora kwa siri kwenye vipande vya karatasi na kuvificha mchangani, na alipotoka alikaa miaka akichora kwa nyeusi na nyeupe tu. Hofu ilimnyang'anya rangi, na yeye hakujilazimisha kuzirudisha kabla ya wakati wake.

Wivu na kinyongo nitapita haraka. Neno kinyongo lenyewe limebeba nyongo, na kama umewahi kuona kuku akipasuliwa, unajua nyongo ina rangi gani. Tia nyeusi kidogo ndani ya njano. Haitakuwa njano iliyokolea, itageuka kijani cha ugoro, kama kitu kilichochacha. Iweke nyepesi karibu na pinki nzuri ya nguo ya mtoto uone inavyoila.

Turudi kwenye hadibodi yako. Usiitupe, na usimuuzie yule bwana. Nunua msasa laini, uisugue uso mzima kwa maji na sabuni kidogo, usisugue kavu, na ufunge pua na mdomo. Baadhi ya rangi za mafuta za kopo zimewahi kutiwa madini ya risasi na vumbi lake ni sumu. Maji hayo usiyamwage wanapochezea watoto. Utaona mng'ao unakufa na nyeusi inakuwa kama ubao wa darasani. Huo peke yake utakushangaza. Tena usipousugua, akriliki au rangi ya maji ukiipaka juu yake itabambuka baada ya miezi michache, haina pa kushika. Ikikauka, anza tabaka. Fungua madirisha ukitumia thina, na usilale chumba kimoja na picha mbichi, najua vyumba vyetu vilivyo.

Ule mstari mweupe, kama ni sanda, usiurudishe kama ulivyokuwa. Ulivyonyooka unamkumbusha mtu barabara ya lami. Sanda ni kitambaa. Kina mikunjo, kimefungwa, kina nyeupe ya pamba yenye umaziwa, hakina nyeupe ya kopo. Kuna udongo mweupe wa Pugu, kaolini, unaweza kuusaga na kuutia kwenye rangi nyeupe ya maji. Utaiondolea mng'ao na kuipa ule ukavu wa kitambaa kipya. Halafu usiupake katikati. Jiulize sanda ya baba uliiona ukiwa umesimama wapi. Kama ilipita mbele yako ikiwa imebebwa na wanaume na wewe umebaki mlangoni na kina mama, basi katika picha yako nyeupe ina kitenzi chake tayari: inaondoka. Iwe nene upande mmoja, ikonde inavyoelekea ukingoni, na itoke.

Usichore kila usiku. Nilifanya hivyo mwezi mzima nikaacha kula. Siku mbili chora kilio, siku ya tatu rudi kwa ndege na twiga wako, hawajakukosea kitu, na wakati wote uwe na mtu wa kuzungumza naye ambaye si ubao. Ukipata nafasi panda daladala uende Nafasi Art Space pale Mikocheni, utakuta wachoraji wanaohangaika na mambo hayahaya, ukae uone wanavyoharibu na kurekebisha.

Picha ikikaribia kwisha, iegemeze nje ukutani kuanzia saa kumi na mbili jioni, ukae nayo mpaka giza liingie. Mwanasayansi Mcheki, Purkinje, aliandika habari hii mwaka 1825: mwanga unapopungua, nyekundu ndiyo inayotangulia kufa, inageuka nyeusi, wakati bluu na kijani zinabaki bado zinaonekana. Hapa kwetu magharibi huingia upesi, nusu saa tu jua linakuwa limezama na giza limeshika. Ndani ya nusu saa hiyo utaona nyekundu yako ikizama ndani ya nyeusi na ile nyeupe ya Pugu ikibaki peke yake inaelekea ukingoni. Kama kifua chako kitabana wakati huo, usiongeze hata brashi moja. Kama hakikubana, kesho kuna tabaka nyingine.

Nitumie picha ya ukingo ule ambapo nyeupe inatokea. Ipige asubuhi, bila flashi, karibu kabisa, mpaka nione uzi wa brashi.